Singa, Gundi na Tangi la Setelaiti
(Somo la Fizikia kwa wanafunzi wa vidato vyote)



Mara nyingi wanafunzi huniuliza: Fizikia na Hesabu za pembe zina faida gani kwa kijana wa Mwera, mahali ambapo watu huishi kwa mkonge, minazi na uvuvi? Swali hili ni la haki, wala si vema kulijibu kwa maneno matupu. Basi muhula huu nimechagua jambo moja linaloonekana kuwa mbali kabisa na sisi, nalo ni tangi jepesi la mafuta ya setelaiti, nami nitalieleza hatua kwa hatua. Mwisho wa somo msomaji ataamua mwenyewe kama jambo hilo liko mbali au liko karibu. Wazazi nao wanakaribishwa kusoma. Aliyewahi kusokota kamba atafahamu sehemu kubwa ya somo kabla ya mtoto wake.

1. Kwa nini setelaiti iwe na tangi

Setelaiti ikishafikishwa angani haihitaji mafuta ili iendelee kuzunguka dunia. Huzunguka kwa mwendo wake yenyewe, na uvutano wa dunia huishika isipotee. Lakini haikai sawasawa katika njia yake. Uvutano wa mwezi na wa jua huisukasuka, na zile zinazopita chini hukwaruzwa na hewa nyembamba iliyobaki huko juu. Setelaiti za simu na televisheni zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta zisiporekebishwa kila mara huhama mahali pake. Kwa hiyo hupewa vijiinjini vidogo vya kuzisukuma, na vijiinjini hivyo hula mafuta. Mafuta yaliyotumika sana ni haidrazini, kimiminiko chenye sumu kali.

Mafuta yakiisha, kazi ya setelaiti imekwisha, hata kama mitambo yake mingine yote ni mizima. Kila gramu inayopunguzwa katika uzito wa tangi yaweza kuwa gramu ya mafuta, na gramu za mafuta ni siku za maisha. Tena kupandisha kilo moja angani hugharimu maelfu ya dola. Ndiyo maana wahandisi hukaa miezi mingi wakipigania unene wa nusu milimita.

2. Nguvu kwa kila uzito

Tangi la zamani lilitengenezwa kwa madini, hasa titani, ambayo ni nyepesi kuliko chuma na haiharibiwi na haidrazini. Lakini kuna njia nyingine: kuchukua nyuzi, kuzilowesha gundi, kuzizungusha juu ya kalibu, kisha kuzioka jokoni mpaka gundi iwe ngumu. Kitu kinachopatikana huitwa kompositi.

Jina ni geni, lakini fikra si ngeni. Tazameni nyumba ya udongo. Udongo peke yake hupasuka, na fito peke yake hazizuii mvua. Vikiunganishwa, fito hubeba mvuto, na udongo huzishika fito mahali pake na kuzikinga. Tairi la baiskeli ni vivyo hivyo: ndani ya mpira mna nyuzi zilizopishana. Tia upepo mpira wa ndani ukiwa nje ya tairi. Utavimba hadi upasuke. Uweke ndani ya tairi, utabeba mtu na gunia la nazi, kwa sababu nyuzi zile zinauzuia.

Sasa tulinganishe. Katika orodha hii namba ya kwanza ni mkazo ambao kitu huweza kuuvumilia kabla ya kukatika, kwa nyutoni kwa kila milimita mraba. Ya pili ni uzito wa sentimita moja ya ujazo, kwa gramu. Ya tatu ni ya kwanza ikigawanywa kwa ya pili, yaani nguvu tunayopata kwa kila uzito. Namba za mikazo ni za makadirio.

Chuma cha kawaida: 400, 7.85, 51
Titani: 900, 4.43, 203
Singa ya mkonge: 500, 1.45, 345
Uzi wa kioo: 3,400, 2.55, 1,333
Uzi wa kaboni: 4,900, 1.80, 2,722

Someni tena mstari wa tatu. Kwa uzito ulio sawa, singa ya mkonge ina nguvu kuliko titani! Mmea huu uliletwa na Daktari Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida kupitia Hamburg. Miche ilikuwa 1,000, ikafika hai 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe, hapa hapa Pangani. Katika hiyo 62 ndimo yalimotoka mashamba makubwa ya mkonge ya nchi yetu.

Je, mbona basi hakuna tangi la setelaiti lililofumwa kwa mkonge? Muhula huu mimi na wanafunzi wa Kidato cha Tatu tulifunga singa moja moja na kuzitundikia kopo, tukaongeza mchanga kidogo kidogo hadi zikakatika. Hatukupata singa mbili zilizokatika kwa mzigo mmoja. Hapo ndipo ilipo shida. Singa ni jani lililokua shambani; huwa nene hapa na nyembamba pale, na urefu wake ni mita moja hivi. Tena hunywa maji, na joto kali huiharibu. Uzi wa kaboni hutengenezwa kiwandani ukiwa sawa kwa maelfu ya mita bila kukatika. Wazee husema kamba hukatikia pembamba, na mhandisi hana ruhusa ya kuhesabu kwa nguvu ya pale palipo panene. Singa zilizochanganywa na gundi zimepata kazi nyingine za heshima, kama vile bamba za ndani ya magari, mahali ambapo upungufu huo hauui mtu.

3. Tangi huvutwa namna gani

Tuchukue tangi lenye umbo la mcheduara, kama pipa, lenye kuba pande zote mbili. Nusu kipenyo chake ni sentimita 20, na kanieneo la ndani ni paskali milioni 2, yaani karibu mara ishirini ya hewa tunayovuta.

Likate kwa mawazo kutoka juu hadi chini, kama unavyopasua muwa. Kanieneo husukuma nusu hizo mbili ziachane, na kingo mbili ndizo zinazozuia. Ukipiga hesabu utaona kwamba kila milimita ya ukingo hubeba kanieneo mara nusu kipenyo: 2 × 200 = nyutoni 400. Huu ndio mvuto wa kuzunguka.

Sasa likate kwa upana, kama unavyokata muhogo vipande. Kanieneo husukuma kuba, na duara lote la ukingo huzuia. Safari hii kila milimita hubeba nusu tu ya ile ya kwanza: nyutoni 200. Huu ndio mvuto wa urefu.

Basi mvuto wa kuzunguka ni mara mbili ya mvuto wa urefu. Ndiyo sababu mpira wa kumwagilia maji bustanini ukizidiwa hupasuka kwa mstari wa urefu, wala haukatiki vipande viwili. Kama tangi ni la titani, bamba lina nguvu sawa pande zote, kwa hiyo tunapolitosheleza upande wa kuzunguka tunakuwa tumeweka nguvu za ziada upande wa urefu. Nguvu hizo ni uzito wa bure. Mafundi wa madini hupenda tangi la mviringo kama chungwa kwa sababu hiyo, maana humo mvuto ni sawa kila upande.

4. Pembe ya uzi

Uzi una nguvu upande mmoja tu, ule unaoelekea. Wengine huuona huo udhaifu. Mhandisi huona ni bahati, kwa kuwa anaweza kuweka nguvu pale tu inapohitajika.

Jaribuni nyumbani kwa kitambaa chakavu. Kata ukanda mmoja sambamba na nyuzi zake, na mwingine kimshazari. Uvute wa kwanza: haunyooki. Uvute wa pili: unanyooka kama mpira. Nyuzi ni zile zile. Pembe ndiyo iliyobadilika.

Tuseme tunazungusha nyuzi kwenye tangi kwa pembe moja kutoka mstari wa urefu, kwenda na kurudi. Sehemu ya nguvu ya uzi inayosaidia upande wa urefu ni mraba wa kosini ya pembe ile, na inayosaidia upande wa kuzunguka ni mraba wa sini. Tunataka ya pili iwe mara mbili ya ya kwanza. Basi mraba wa tanjenti sharti uwe 2, na pembe yenyewe ni digrii 54.7. Kwa pembe hiyo hakuna uzi hata mmoja unaokaa bure.

Lakini kuba nazo hutaka haki yake. Uzi ulioloweshwa gundi huteleza. Ukifunga kamba juu ya kibuyu laini, yenyewe hutafuta njia fupi kuliko zote, kisha hutulia. Njia hiyo ina sheria: nusu kipenyo mahali uzi ulipo, kuzidishwa kwa sini ya pembe yake, ni namba isiyobadilika. Tangi letu lina mdomo wa nusu kipenyo cha sentimita 5, na hapo uzi hupita ukiuzunguka kwa digrii 90. Kwa hiyo kwenye mwili wa tangi, ambako nusu kipenyo ni 20, sini ya pembe ni 5 ÷ 20 = 0.25, na pembe ni digrii 14.5 tu. Iko mbali sana na 54.7!

Basi nyuzi hizi zipitazo kwenye kuba tunaziachia mvuto wa urefu, kisha juu ya mwili wa tangi tunaongeza nyuzi nyingine za kuzunguka, kama pete za pipa. Tupige hesabu, tukiongeza mizigo yote mara mbili kwa ajili ya usalama. Upande wa urefu ni nyutoni 400 kwa milimita, na wa kuzunguka ni 800. Mraba wa kosini ya digrii 14.5 ni karibu 0.94, kwa hiyo nyuzi za mshazari sharti zibebe 400 ÷ 0.94, yaani karibu 427. Zenyewe zinasaidia kuzunguka kwa nyutoni 27. Zilizobaki, 773, ni kazi ya nyuzi za pete. Jumla ya nyuzi zote ni 427 + 773 = 1,200.

Sasa angalieni: 400 na 800 ni 1,200. Hata kwa pembe ya 54.7 jumla ingekuwa hiyo hiyo. Kwa nini? Kwa sababu mraba wa sini na mraba wa kosini vikijumlishwa ni moja. Kanuni ile mnayoikariri kwenye Hesabu ndiyo inayomwambia fundi ni uzi kiasi gani anunue.

5. Bitana

Kompositi yetu tunaikubalia mkazo wa 1,500 tu. Ikiwa mpya huweza kubeba zaidi, lakini sehemu yake ni gundi, na nyuzi zikikaa chini ya mzigo mzito kwa miaka mingi huweza kukatika bila onyo. Unene unaohitajika ni 1,200 ÷ 1,500 = milimita 0.8, na mita mraba moja ina kilo 1.3. Kwa titani tungehitaji 800 ÷ 900 = milimita 0.89, yaani kilo 3.9. Mtu angeshangilia hapo!

Asishangilie bado. Kompositi hupitisha gesi na kimiminiko polepole kupitia gundi yake, na haidrazini huweza kuishambulia gundi hiyo. Kwa hiyo ndani huwekwa bitana, kama bitana ya koti, ya bamba jembamba. Bitana ya alumini ya milimita 0.8 ina kilo 2.2 kwa mita mraba. Jumla sasa ni kilo 3.5, na faida yetu imebaki chini ya nusu kilo.

Kumbe katika tangi la mafuta lenye kanieneo dogo, kazi kubwa ya mhandisi ni kupunguza bitana. Ikipunguzwa nusu, jumla hushuka hadi kilo 2.4. Ikiondolewa kabisa, ni 1.3, na ndiyo maana kuna mafundi wanaotafuta gundi isiyovuja wala kupasuka kwenye baridi. Katika chupa za heliamu, ambazo kanieneo lake laweza kuwa mara kumi na tano ya letu, nyuzi huwa nene na bitana hubaki ile ile. Huko kompositi hushinda titani bila ubishi: kilo 21 dhidi ya 59 kwa mita mraba.

6. Yaliyotokea

Pwani yetu imeshuhudia nyuzi zikipanda angani zamani. Kaskazini mwetu, baharini karibu na Malindi, Waitalia walikuwa na jukwaa la San Marco. Roketi za aina ya Scout zilirushwa kutoka hapo kati ya 1967 na 1988. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, mojawapo ilipandisha setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mionzi ya eksirei ya nyota, nayo ikaitwa Uhuru. Mafuta ya Scout yalikuwa makavu, na maganda ya hatua zake za juu yalikuwa ya nyuzi za kioo zilizozungushwa na kufungwa kwa gundi. Hapo juu kila kilo ilikuwa na thamani, kwa hiyo ndiko wepesi ulikotafutwa.

Lipo pia tukio la kusikitisha. Tarehe 1 Septemba 2016, huko Cape Canaveral, Marekani, roketi ya Falcon 9 ililipuka ikiwa bado chini, wakati wa maandalizi ya kujaribu injini. Setelaiti iliyokuwa juu yake, AMOS-6, ilikuwa itumike pia kuleta intaneti katika nchi za Afrika kusini ya Sahara. Iliteketea. Uchunguzi uliotangazwa Januari 2017 ulielekeza kwenye chupa za heliamu ndani ya roketi, zenye bitana ya alumini na nyuzi za kaboni nje. Bitana ilikuwa imejikunja na kuacha nafasi ndogo chini ya nyuzi. Oksijeni ya baridi kali iliingia humo, ikabanwa, na msuguano ukawasha moto. Nafasi isiyoonekana kwa macho iliangamiza chombo kizima. Ndiyo maana mwanafunzi anayesema „ni kosa dogo tu la hesabu” hupata kutoka kwangu jibu lisilomfurahisha.

Kinachopanda hurudi. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya roketi, yenye kipenyo cha mita 2.5 hivi na uzito wa kilo 500, ilianguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchini Kenya. Kwa bahati njema haikuumiza mtu. Titani huyeyuka kwa digrii 1,668, na kwa hiyo tangi lake mara nyingi hufika chini likiwa zima. Alumini huyeyuka kwa 660. Kaboni iliyozungushwa nene nayo yaweza kufika chini: Februari 2025 chupa za namna hiyo ziliokotwa Poland. Siku hizi, basi, mbunifu huulizwa maswali mawili: je, tangi lako litadumu likiwa kazini? Na je, litateketea lote likirudi? Anayeishi chini ya njia za setelaiti ana haki ya kuuliza la pili, hata kama nchi yake haijarusha kitu.

7. Neno la mwisho

Mwaka 2022 Uganda ilipata setelaiti yake ya kwanza, PearlAfricaSat-1, mchemraba wa sentimita 10 kila upande, kazi ya wahandisi Waganda waliosomeshwa Japani katika Kyushu Institute of Technology. Ndogo namna ile haina tangi. Lakini mwenye kuanza na mchemraba ipo siku atataka chombo cha kukaa miaka kumi na tano, na hapo atahitaji mtu anayejua uzi upite kwa pembe gani. Sioni sababu kwa nini mtu huyo asitoke katika wilaya ambayo imeshika uzi tangu 1893.

Maswali ya kujipima

(a) Tangi lina nusu kipenyo cha milimita 150 na kanieneo la paskali milioni 3. Tafuta mivuto miwili, kisha iongeze mara mbili kwa usalama.
(b) Mdomo wa tangi hilo una nusu kipenyo cha milimita 75. Nyuzi za mshazari zitapita kwa pembe gani kwenye mwili wa tangi? Zibebe nyutoni ngapi kwa milimita, na nyuzi za pete ngapi? (Jumla isipokuwa 1,350, rudia hesabu.)
(c) Pima singa kumi kwa kopo na mchanga. Kama ungetengeneza kamba ya kuokolea mtu, ungepiga hesabu kwa singa ipi: yenye nguvu kuliko zote, ya wastani, au dhaifu kuliko zote? Toa sababu.
(d) Tangi hujaribiwa kwa kujazwa maji yenye kanieneo kubwa, si hewa. Eleza kwa nini.

Majibu niletewe kabla ya shule kufungwa. Jibu la swali (c) lililoelezwa vizuri kuliko yote nitaomba lichapwe katika toleo lijalo.

Mwalimu wa Fizikia